Je, Wimbo wa Jirani Waweza Kupigwa Katika Sikukuu Yetu?

Tarehe 19 Novemba 1923 watu wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, walikusanyika kusikiliza muziki wa okestra. Ilikuwa sikukuu ya mji: miaka 50 ilikuwa imetimia tangu Buda, Pest na Óbuda kuunganishwa. Watunzi watatu, Ernő Dohnányi, Zoltán Kodály na Béla Bartók, walikuwa wameombwa kutunga kazi mpya kwa siku hiyo. Kodály alileta Zaburi ya 55, kilio cha mtu aliyesalitiwa na rafiki yake, akashangiliwa sana. Si ajabu, kwani nchi ilikuwa matangani. Kwa mkataba wa mwaka 1920, baada ya kushindwa vitani, Hungaria ilipoteza kadiri ya theluthi mbili za ardhi yake, na jimbo la Transylvania likapewa Romania.

Bartók yeye alileta ngoma: ngoma tano na tamati yake, zilizounganishwa na kiitikio cha Kihungaria kirudicho mara kwa mara. Lakini ndani yake mlisikika pia tuni za mtindo wa Waromania, na za mtindo wa Waarabu wa Biskra, huko Aljeria, aliowatembelea mwaka 1913. Basi twauliza: je, yafaa kumleta katika sherehe ya nyumbani jirani aliyelichukua shamba lako?

Tusiwacheke upesi wale wasemao la. Nyumba yenye msiba haipigiwi vigelegele, na mtu mwenye adabu hushusha sauti apitapo mlangoni. Tena Wahungaria wengi walikuwa na ndugu zao waliobaki ng'ambo ya mpaka mpya.

Lakini msiba ule ulikuwa wa Bartók pia. Hata mji aliozaliwa mwaka 1881 ulikuwa umeingizwa Romania. Ila yeye alijua neno ambalo wenye hasira hawakulijua, kwa kuwa alikuwa amelifuata kwa miguu yake. Kwa miaka mingi kabla ya vita alizunguka vijijini na mashine ya kunasa sauti juu ya nta, akaketi na wakulima, akawasikiliza. Nyimbo za Waromania peke yake alikusanya zaidi ya 3,000. Akaona jinsi tuni ivukavyo mpaka, ikageuzwa na ulimi wa jirani, kisha ikarudi kwao ilikotoka ikiwa na sura nyingine. Mwaka 1942, watu walipokuwa wakiuana kwa ajili ya usafi wa damu, aliandika huko Marekani ya kuwa muziki wa wakulima umepata utajiri wake kwa kuchanganyika huko.

Kwa maoni yetu, ardhi na wimbo si mali ya namna moja. Shamba likitwaliwa, mmoja hupata na mwingine hukosa. Wimbo ukiazimwa, wote wawili wanao. Ugomvi wa shamba una mahali pake, na haki yake idaiwe huko. Lakini anayeutwisha wimbo ugomvi huo amwadhibu bibi kizee wa kijijini, ambaye hakutia sahihi mkataba wowote, aliwaimbia wajukuu wake tu.

Hatusemi kwamba ni jambo jepesi. Mwaka ule ule wa 1920 Bartók alishutumiwa gazetini, kwao, kuwa hana uzalendo, kwa sababu ya makala aliyoandika juu ya muziki wa wakulima wa Kiromania. Baada ya aibu hiyo angeweza kabisa kuwapa wenye sikukuu ngoma za Kihungaria tupu, na nani angemlaumu? Hakufanya hivyo. Jioni ile ngoma zake zilipigwa vibaya, wala hazikupendwa. Zilikuja kushangiliwa mwaka 1925, na mahali penyewe palikuwa Praha, mji mkuu wa Chekoslovakia, nchi nyingine iliyokuwa imepewa sehemu ya ardhi ya Hungaria.