MAMA MZEE ASIUGUE PEKE YAKE

Oktoba ni mwezi wa Rozari Takatifu, na ndio mwezi ambao ulimwengu umeutenga kuwakumbusha watu habari za saratani ya matiti. Twaona yafaa kuyafikiri mambo hayo mawili pamoja, maana katika nyumba nyingi anayeongoza Rozari ni mama mzee. Na pengine yeye mwenyewe anaficha ugonjwa chini ya kanga yake.

Mtazameni mama wa Njombe mwenye miaka 70. Asubuhi ya baridi hujitanda nguo zake, akaenda kuchimba viazi. Titini ameona uvimbe, lakini hauumi. Na mara nyingi uvimbe wa namna hii hauumi mwanzoni. Atamwambia nani? Mumewe amekwisha fariki. Mwanawe anafanya biashara Makambako, wala kumtajia mtoto wa kiume habari za titi ni aibu. Tena husema moyoni: titi hili limekwisha maliza kazi yake, je, karo ya wajukuu iliwe na hospitali? Basi hunyamaza.

Tusimwite mjinga. Amezoea kujinyima kwa ajili ya watoto, na kimya chake ni upendo ule ule. Lakini upendo huo waweza kumwua. Hatari ya saratani hii huongezeka kadiri umri unavyoongezeka. Ikigunduliwa mapema yatibika. Lakini katika nchi yetu wagonjwa wengi hufika kwa daktari ikiwa imekwisha enea. Uvimbe, ngozi kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu: hayo si mambo ya uzee tu. Yaonyeshwe upesi katika hospitali ya karibu.

Kutoka Makambako mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 600. Pengine mama huiogopa safari hiyo kuliko kisu cha daktari. Asipelekwe kama mzigo, huku wanawe wakiamua yote bila yeye. Aelezwe, asikilizwe, naye asindikizwe. Na familia isiyo na uwezo iulize hospitalini, kwa kuwa sera ya serikali ni kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza watibiwe bila malipo.

Twamkumbuka yule mwanamke wa Injili aliyeugua miaka 12, akamaliza mali yake kwa waganga. Alikuja kwa nyuma, kwa siri. Alikuwa amekwisha pona. Hata hivyo Bwana wetu alisimama njiani, akauliza, akamsikiliza hata aliposema kweli yote, akamwita binti. Nasi tusidhani ya kuwa kumtumia mama fedha kwa simu kwatosha. Yatupasa kusimama na kuuliza.

Desturi zetu zina mlango wake. Bibi na mjukuu hutaniana. Asichoweza kumwambia mwanawe aweza kumwambia mjukuu wa kike anayempashia maji ya kuoga. Na akina mama wa WAWATA na wa jumuiya wajuliane hali, wakikumbuka kwamba sala na dawa hazigombani.

Basi jioni hii Rozari ikiisha, msiondoke upesi. Mmoja abaki na bibi karibu na moto, amwulize kwa upole: Bibi, mwili waendeleaje? Kisha anyamaze, amsikilize.