Kukomboa Kibanja

Redio yako iko rehani kwa mtu. Unampelekea fedha zake, unaikomboa, unarudi nayo nyumbani. Hutarajii kuikuta imepasuka. Neno hilohilo ndilo tulilolitumia kwa ardhi ya Kagera, na mimi niliyekulia Mabatini, Mwanza, nimelisikia tangu utotoni kwa namna mbili: ya redioni na ya bibi.

Ya redioni ilikuwa na tarehe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakashika ardhi yetu yote iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, kisha yakalilipua daraja la Kyaka. Novemba mizinga yetu ikajibu kutoka ng'ambo ya kusini, adui akarudi nyuma. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka.

Ya bibi, Mhaya wa upande uliotekwa, haikuwa na tarehe hata moja. Ilianza na kahawa iliyoachwa mkekani. Kisha ng'ombe wanne, wakasombwa na askari wa Amin kama ilivyosombwa mali ya kiwanda cha sukari cha huko. Kisha migomba. Kwa Mhaya kibanja, shamba la migomba la nyumbani, si shamba tu. Wazee wamezikwa humo, na migomba huwafunika. Kombora lililofukua kaburi la baba mkwe wake lilitoka upande wetu. Nilimuuliza uchungu wake ulikuwa kwa nani. Akaniuliza kama nimeshiba.

Jibu hilo limenichukua miaka. Anayekomboa hulipa, lakini hapa rehani yenyewe ilichangia malipo, bila kuulizwa. Sisemi vita vile havikuwa vya haki. Vilikuwa vya haki, na baadhi ya vijana waliovipigana wamelala makaburini Kaboya. Lakini ukimwambia bibi kwamba kibanja kilikombolewa, alikuwa anakubali kwa kichwa, halafu anaendelea kuhesabu migomba: huu ulianguka, huu ulikatwa, huu ulioza kwa kukosa mtu wa kuupalilia. Nilidhani anabisha. Siku hizi naona alikuwa anamalizia sentensi ambayo redio iliikatisha.

Alikuwa amekimbilia Mwanza kwa meli kutoka Bukoba, na vita vikamfuata. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ililenga matangi ya mafuta ya hapa, ikakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Bibi alicheka kila aliposimulia. Swala nao, alisema, walikuwa na kibanja chao.

Aliporudi alikuta shimo la kombora katikati ya shamba. Hakulifukia. Alitupia humo maganda na samadi, akapanda mgomba. Nisingependa kulifanya fumbo. Shimo linatunza maji, basi. Mwaka jana tulikata mkungu humo, tukaupika na dagaa niliowabeba kutoka Mwanza.