Upande wa Chini

Msomaji mpenzi, bila shaka umepata kumwona mtoto akikimbiza gari la waya njiani. Mwili wa gari hilo ni waya uliokunjwa, magurudumu yake ni vifuniko vya chupa au vipande vya ndara kuukuu, na usukani wake ni fimbo ndefu yenye duara la waya kwenye ncha. Mtoto huyo hana leseni wala petroli. Walakini huvuma kwa kinywa, hupunguza mwendo penye kona, na husimama kupisha ng'ombe. Wako watu wazima ambao hawakuuacha mchezo huo. Jioni, kazi ya mchana ikiisha, hukaa mezani wakaunda magari madogo kwa mbao, bati au plastiki, kila kiungo kikilingana na kiungo cha gari la kweli. Watu huwacheka. Mimi ni mmoja wa wanaochekwa, na katika insha hii nataka tuulizane swali ambalo kazi hiyo ndogo ilinitia moyoni: Je, mtu ana wajibu wa kuifanya vema hata ile sehemu ya kazi yake ambayo hapana jicho litakaloiona?

Kwanza yafaa uijue kazi yenyewe. Gari la mfano huundwa kwa kipimo. Kipimo kinachopendwa na wengi ni 1:24, yaani gari la kweli lenye urefu wa mita 4.8 huwa na urefu wa sentimita 20 mezani. Hesabu hii ni nyepesi kuisema lakini ni kali kuitimiza. Ukikosea milimita 1 katika kukata mlango, ni sawa na kukosea milimita 24 katika gari la kweli, na hapana mwenye gari ambaye angekubali mlango wenye ufa wa namna hiyo. Hata rangi ina hesabu yake. Ukiipaka kwa unene wa nusu milimita, ni kana kwamba gari la kweli limepakwa rangi yenye unene wa milimita 12, na mistari yote ya milango na boneti itazibika. Kwa hiyo fundi hupaka rangi nyembamba, husubiri ikauke, husugua kwa msasa laini, kisha hupaka tena. Kitu kikiwa kidogo, kosa lake huwa kubwa.

Wala usidhani kwamba huu ni uvivu wa watu wasio na shughuli. Huko Marekani palikuwa na mashindano ya vijana yaliyoitwa Fisher Body Craftsman's Guild, yaliyoendeshwa chini ya kampuni ya General Motors tangu mwaka 1930 hata 1968. Hapo mwanzo vijana waliunda mfano wa gari la farasi la fahari, la namna ya zama za Napoleon. Baadaye wakaunda magari waliyoyabuni wenyewe. Washindi walipewa fedha za masomo ya juu, na baadhi ya vijana wale walikuja kuwa wasanifu wa magari. Lakini vijana wale walikuwa na waamuzi. Kila mmoja alijua kwamba kazi yake itashikwa, itapimwa na kupewa alama. Mimi nauliza habari za mtu asiye na mwamuzi ila nafsi yake.

Mtu mwenye akili aweza kunijibu hivi: "Maisha ni mafupi na kazi ni nyingi. Gari likiwekwa juu ya kabati, upande wake wa chini hutazamana na mbao. Saa utakazozitumia kupamba upande huo ungeweza kumsaidia jirani au kusoma kitabu. Kujisumbua kwa ajili ya kisichoonekana ni kiburi kilichovaa nguo ya uaminifu." Hoja hii ina nguvu, na kwa muda mrefu mimi mwenyewe niliishika. Nitakueleza jinsi nilivyoiacha.

Mwaka 1965, mashindano ya magari ya Safari yalishindwa na Joginder Singh pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa gari la Volvo PV544 ambalo lilikuwa limekwisha kutumika kabla hawajalipata. Nilizaliwa miaka mingi baada ya ushindi huo, lakini nilipenda habari zake tangu utoto. Likizo moja nikaamua kuliunda gari hilo kwa mbao laini na bati. Nilikuwa nimekaribia kumaliza, ubao wa chini ukapasuka karibu na ekseli ya nyuma. Kuuondoa kungalinirudisha nyuma siku nne. Nikaujaza ufa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, pakafanyika nundu kama punje ya kunde, nikapaka rangi nyeusi juu yake. Nikajiambia, "Nani atakayelipindua?"

Shule ilipofunguliwa niliweka gari hilo katika maonyesho ya kazi za mikono. Walimu walilisifu, na wazazi waliinama kulitazama. Kisha akaja mvulana wa Kidato cha Pili, mwenye sifa ya kuunda magari ya waya. Akaomba ruhusa, akalishika kwa mikono miwili, akalipindua. Akatazama kwa kitambo, akaniuliza, "Mwalimu, na hii nundu ni ya nini?"

Watu walikuwa wamesimama karibu. Nikamjibu, "Ndivyo lilivyo gari lenyewe."

Akashukuru, akaenda zake. Wiki mbili baadaye aliniletea gari la waya alilolifanya kwa kulifuata langu. Lilikuwa kazi safi kuliko yangu. Lakini karibu na ekseli ya nyuma alikuwa ameuzungusha waya mara nyingi, akafanya nundu kama ile niliyoificha. Kwa ajili yake ekseli ilipinda, na gari likawa linaenda upande. Moyo wangu ulianguka. Nilimwita kando nikamwambia ukweli wote. Hakucheka wala hakukasirika. Alichukua koleo lake, akaanza kuufungua waya ule, akasema polepole, "Mwalimu, niliona kwamba haifai pale, lakini niliyaamini maneno yako kuliko macho yangu."

Msomaji, yatafakari maneno hayo. Nilidhani naficha kosa langu peke yangu chini ya gari langu mwenyewe. Kumbe kosa lilitoka mafichoni likaingia katika kazi ya mtu mwingine, tena likaingia kwa mlango wa imani yake. Siku ile nilipata jibu la yule mwenye hoja. Yeye alichanganya mambo mawili yasiyofanana: kuacha na kuficha. Fundi anayeunda gari lisilo na injini, boneti yake ikiwa haifunguki, hakumdanganya mtu, ameacha, na ukimwuliza atakuambia, "Sikuweka injini." Kuacha huko ni haki yake, maana hapana awezaye kufanya yote. Bali anayeziba ufa kwa rangi ili uonekane uzima amefanya jambo jingine kabisa. Rangi yake inasema neno, na neno hilo ni la uongo. Basi wajibu wetu si kupamba kila pembe ya kazi. Ni kutofanya kitu ambacho tungeona haya kukieleza kikipinduliwa. Mimi ningalisema, "Hapo palipasuka nami nikapaziba," nisingalimkosea kijana yule kwa lolote.

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Aghalabu tunaitumia methali hii kusifu taabu ya waundaji. Lakini ina onyo pia: chombo huelea kwa sababu ya mbao zilizo chini ya maji, ambazo abiria hazioni. Ndivyo ilivyo kwa gari la kweli. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya kwanza yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Siku ya kuondoka mamia ya watu waliweza kuyatazama magari yote yakipita, wakasifu rangi zake. Matope na mashimo ndiyo yaliyokagua upande wa chini. Bomba la breki halionekani na msafiri, wala nati ya gurudumu haiulizwi jina la aliyeikaza. Lakini roho za watu zimekaa juu yake.

Nawe una upande wako wa chini. Hesabu uliyoinakili kwa jirani hung'aa katika daftari kama hesabu uliyoitafuta mwenyewe. Mwalimu aweza kuisahihisha akakupa alama zote. Ikiwa hukuijua, ungeweza kuacha nafasi tupu, na nafasi hiyo ingemwambia mwalimu mahali pa kukusaidia. Ukiijaza kwa jibu la mwingine, umepaka rangi juu ya ufa. Nayo siku haiko mbali ambapo utakuwa muuguzi, fundi, karani au mzazi, na mtu atakuja kwako akiyaamini maneno yako kuliko macho yake.

Gari langu lipo bado juu ya kabati. Niliung'oa ubao ule nikaunda mwingine, na kazi ilinichukua siku tano badala ya nne nilizoziogopa. Lina kasoro nyingine, na mgeni akiuliza namwonyesha. Gari la waya la kijana yule liko kando yake. Alinipa alipomaliza shule. Limenyooka, na linaenda mbele.