Akiba Haiozi

Mwaka 1802, Thomas Wedgwood na mkemia Humphry Davy walieleza jinsi ya kunasa vivuli vya majani kwenye karatasi iliyopakwa chumvi ya madini ya fedha. Lakini picha hizo zilitazamwa kwa mwanga wa mshumaa tu; zilipopigwa na jua, karatasi nzima iligeuka nyeusi. Mwaka 1819, mwanasayansi John Herschel aligundua kuwa kemikali iitwayo haiposulfiti ya soda huyeyusha chumvi za fedha. Hakuwa akitafuta picha. Miaka 20 ikapita. Januari 1839, aliposikia habari za Daguerre, aliyefaulu kunasa picha kwa mwanga, akaikumbuka dawa yake, akaoshea picha, nayo ikatulia.

Ulichojifunza usijue kitakufaa wapi, kiweke. Siku yake ipo.