Jicho na Moyo wa Mpiga Picha

Wako watu wasemao kuwa kupiga picha si sanaa, kwa sababu kamera haina fikira. Kidole kikibonyeza, mwanga hufanya kazi yote. Neno hili ni kweli nusu. Mchoraji huhitaji mkono wa miaka mingi kabla hajaweza kuonyesha jani la mgomba, na mpiga picha hulipata jani hilo kwa kufumba na kufumbua. Lakini wepesi huo ndio mtihani wake. Mashine imemwondolea kazi ya mkono, ikamwachia kazi ya moyo: kuchagua la kutazama, na kujua analitazama kwa nia gani. Basi, mtu hukuaje katika sanaa ambayo chombo chake hakikui pamoja naye?

Jawabu la kwanza la wengi ni mali: kamera ya thamani na safari za mbali. Siidharau mali, maana chombo kibovu huweza kuvunja nia njema. Hata hivyo, tumwangalie Josef Sudek wa Prague. Alipoteza mkono wake wa kuume katika Vita Kuu ya Kwanza, naye alikuwa amejifunza kazi ya kujalidi vitabu, kazi itakayo mikono miwili. Akashika kamera. Tangu mwaka 1940 mpaka 1954 alipiga picha nyingi za dirisha la chumba chake cha kazi: kioo chenye ukungu, matone ya mvua, mti uliopinda uani. Mji ulikuwa umekaliwa na jeshi la kigeni katika miaka ya kwanza ya kazi hiyo, na dirisha lilikuwa lile lile. Lakini dirisha lile lile halikuwa picha ile ile. Kilichobadilika ni mwanga, na subira ya mtu aliyeungoja.

Seydou Keïta wa Bamako naye alikuwa fundi seremala aliyejifunza picha kwa kamera ndogo aliyopewa na jamaa yake mwaka 1935. Alipofungua studio yake mwaka 1948, pazia lake la nyuma lilikuwa tandiko la kitanda, na taa yake aghalabu ilikuwa jua. Vifaa vilikuwa ghali. Kwa hiyo mara nyingi alimpiga kila mteja picha moja tu. Picha moja haisamehe haraka. Ilimbidi amtazame mtu kwanza: amgeuze kidogo, amnyanyue kidevu, amwazime saa au koti, hata ajione vile alivyotaka kukumbukwa. Umaskini wa vifaa ukawa mwalimu wa heshima. Picha hizo zilipoonyeshwa Paris mwaka 1994, watazamaji waliona watu wenye hadhi yao, si vitu vya kustaajabiwa.

Mimi sikulijua jambo hili mapema. Zamani nilimpiga picha mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu ufukoni, mgongo umepinda, machweo mbele yake. Sikumwamkia, kwa hofu kuwa salamu ingeharibu uzuri ule. Picha ilisifiwa sana. Baadaye nilimpelekea nakala. Aliitazama kitambo, akauliza, “Mwanangu, huyu ni nani?” Nikasema, “Ni wewe, mzee.” Akanirudishia, akasema, “Mimi nina uso.”

Pengine msomaji atauliza: je, asiye na adabu hawezi kupiga picha nzuri? Anaweza, na mimi ni shahidi. Picha ile ilikuwa nzuri na ingali nzuri. Lakini uzuri wa kazi ni jambo moja, na kukua kwa mtendaji ni jambo jingine. Picha ile haikunifundisha kitu, kwa sababu nilikuwa nimeipiga kichwani mwangu kabla sijafika ufukoni. Nilitaka mgongo, nikapata mgongo. Atazamaye ili athibitishe alichokwisha kukijua hubaki alipo, hata akizunguka dunia. Atazamaye ili aambiwe jambo hukua, hata akikaa miaka 14 mbele ya dirisha moja. Ndiyo maana adabu si pambo la sanaa hii. Ni mlango wa maarifa yake.

Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Jicho la kamera linalo, na kulifungua ni hiari ya mtu. Lugha yetu nayo husema kupiga picha, kama isemavyo kupiga mtu na kupiga hodi. Mpiga picha huchagua kila siku atapiga kwa namna ipi. Nilirudi ufukoni kwa yule mzee, nikamwamkia, nikaketi. Siku hiyo sikupiga picha yoyote. Naihesabu kuwa siku yangu ya kwanza ya kazi.