Laptopu Kuukuu na Haki ya Mtu



Ndugu zangu katika imani, leo naleta mas-ala yaliyonikuta mimi mwenyewe. Yalianza kwa jambo dogo, laptopu yangu kuukuu, yakaishia kwenye jambo ambalo mpaka sasa sijalimaliza.

Laptopu hii niliachiwa na kaka yangu na umri wake umepita miaka kumi. Muhula uliopita ilifika hali ya kwamba nikiiwasha, naenda kutia udhu, naswali rakaa mbili za sunna, narudi naikuta bado inazungusha kiduara. Feni ilivuma kama boda boda inayopanda kilima cha Naguru na abiria wawili. Nikampigia mama simu kumwomba pesa ya kununua mpya. Mama hakukataa. Aliniuliza tu, "Mwanangu, imekufa au imekuchosha?"

Nilikosa jibu. Tunasoma darasani tofauti ya dharura, haja na mapambo, na mimi nilikuwa nimeyaita mapambo dharura. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake kwa mkono wake. Nikasema basi, nami nitengeneze changu.

Nikaenda kwa fundi mmoja hapa Nakawa, karibu na soko. Alipoifungua, vumbi lilikuwa limeziba njia ya hewa kama pamba, na ile dawa inayopakwa juu ya prosesa ili kupitisha joto ilikuwa imekauka. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue, kwa hiyo sehemu ya uzito ule ilikuwa vumbi tu. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa diski. Ilikuwa ya aina ya zamani, yenye sahani inayozunguka na mkono unaotafuta data huku na huko. Akanishauri niweke SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani yake, na niongeze RAM kutoka GB 4 hadi 8. Tulipatana bei ambayo haikufika robo ya laptopu mpya. Kwa mwenye mashine kama yangu nasema: anza na hayo matatu kabla hujamsumbua mzazi.

Kisha fundi akauliza, "Shehe, nikuwekee na Windows na Office? Zote elfu ishirini."

"Zina leseni?"

Akacheka. "Leseni ya nini? Wewe umeiona kwa nani hapa?"

Nilinyamaza, kwa sababu kweli sikuwa nimeiona kwa yeyote, na ile niliyokuwa nikitumia kwa miaka miwili ilikuwa ya namna hiyohiyo. Jambo lililonichoma ni hili: wiki moja kabla nilikuwa nimekabidhi insha juu ya ghasb, yaani kutwaa haki ya mtu kwa dhuluma. Niliiandika kwa programu ambayo mwenyewe hakupewa chochote.

Jioni nilipowasimulia wenzangu hosteli, nilipata hoja tatu. Nazileta hapa kwa sababu naamini msomaji naye anazo.

Ya kwanza: programu si mali, kwani ukinakili, mwenyewe bado anayo yake. Hoja hii ina mizizi. Wanazuoni wa Kihanafi hawakuihesabu manfaa kuwa mali kwa nafsi yake. Lakini Mashafii, ambao wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu yao, wanaihesabu manfaa kuwa mali. Anayekaa nyumba ya mtu kwa nguvu mwezi mzima hudaiwa kodi, ingawa nyumba imebaki palepale. Na mwaka 1988, katika kikao chake cha tano mjini Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zinalindwa na sharia, na haifai kuzivamia.

Ya pili: kampuni ile ni tajiri, tena si ya Waislamu. Hii ni hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo iliyosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Mtume (S.A.W.) usiku wa kuhama Makka alimwacha Ali (R.A.) nyuma ili arudishe amana za watu, na wenye amana hizo walikuwa washirikina waliokuwa wakimtafuta wamuue. Amana haiangalii dini ya mwenyewe wala mfuko wake. Juu ya hapo, sisi tunaishi chini ya sheria ya Uganda ya hakimiliki ya mwaka 2006, ambayo inazilinda programu za kompyuta.

Ya tatu ndiyo nzito: sisi ni wanafunzi, hatuna uwezo, hii ni dharura. Windows 11 Home huko Marekani inauzwa dola 139, yaani kama nusu milioni ya shilingi zetu. Wapo pia wanazuoni wa zama hizi walioruhusu kunakili kwa matumizi binafsi pasi na biashara, na siwezi kumwita mwenzangu mwizi akiwa amefuata fatwa ya mwanachuoni anayemwamini. Ila kanuni inayohalalisha kilichokatazwa wakati wa dharura inafuatwa na nyingine: dharura hupimwa kwa kiasi chake. Mwenye njaa halali ya kula mzoga ni yule asiyepata chakula kingine. Je, kweli sisi hatupati kingine?

Kipo. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzake. LibreOffice ni hivyohivyo. Nilimwomba fundi aniwekee Linux Mint. Mashine sasa inawaka kabla sijamaliza kukunja mikono ya kanzu.

Sitaficha uzito wake. Mwalimu akituma faili la Word, mara nyingine majedwali huhama. Maktaba Shamila ya kompyuta imetengenezewa Windows, kwa hiyo naisomea kwenye tovuti yake, na bando likiisha nakaa bila vitabu. Wiki mbili za kwanza nilikasirika sana. Lakini kukasirika si dharura, na hapo ndipo nilipoelewa swali la mama.

Limebaki moja. Toba ina masharti: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na ikiwa ni haki ya mtu, kuirudisha. Matatu ya kwanza nimejitahidi. La nne linanidai miaka miwili ya matumizi. Nimeweka nia kwamba nikipata kazi, In shaa Allah, nitanunua leseni moja kwa bei yake kamili, hata kama sitaiweka kwenye mashine yoyote. Kama kuna ndugu mwenye njia bora zaidi ya kulipa deni hili, anijuze baada ya Ijumaa.

Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali yake.

Wabillahi tawfiq.