Samaki gani tunamukunja?

Wazee wetu walisema: samaki mukunje angali mubichi. Ni kweli, lakini siku hizi tunaisikia kama ruhusa ya fimbo. Mvuvi anajua kwamba mbele ya kukunja unaangalia kwanza ni samaki gani.

Katika avenue yetu kulikuwa mutoto wa miaka 7. Alikuwa hasemi, na kila mara mashini ya kusaga ilipoanza kulia, alipiga kichwa kwa ukuta na kuuma wenzake. Watu wakasema: "Ule ni mulozi." Baba yake akamupiga, akazidi kuuma. Bibi yake ndiye alitazama, akaona mutoto anaogopa kelele. Akawa anamupeleka nyuma ya nyumba mbele mashini haijaanza, anamupa mahindi ya kupukusa. Hakumuachilia aume watu: alimushika mikono, akakataa kwa sauti ya pole. Kidogo kidogo kuuma kukapunguka.

Je, ni haki kumuazibu mutu kwa jambo asiloweza kuepuka? Azabu inafundisha anayeelewa sababu yake. Kwa asiyeelewa ni maumivu tu. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamufunga mwaka 1 mpaka 3 mutu anayemushitaki mutoto ulozi. Ni vizuri, lakini sheria inafika nyuma ya jeraha. Bibi anafika mbele. Ndugu musomaji, tunapotetea desturi zetu, tutetee kwanza ile ya kutazama mbele ya kuhukumu.